Nyumba yenye namba na X

Kila Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mama yangu hupaka chokaa ukuta wa mbele. Huiloweka kwenye ndoo usiku, asubuhi huitia chumvi ili ishike, kisha huanzia kwenye kona ya mlango na brashi yake ya katani, akishuka nayo polepole. Akifika kwenye ile X nyekundu, mkono unapungua kasi. Anaizunguka kwa ncha ya brashi kama mtu anayempaka mtoto wanja, mpaka weupe unaishia upana wa ukucha kutoka kwenye wekundu. Chokaa haijawahi kuigusa. Mwaka juzi nilimuuliza kwa nini asipake tu juu yake yaishe.

"Mwanangu, kitu cha watu hicho. Nikikifuta watasema nimeficha."

Nataka kuandika kuhusu ile X, na kuhusu vingine vilivyotufikia miaka hii: taa za barabarani, vibao vya mitaa, mita, namba za malipo, vijana wenye vishkwambi. Mtwara yetu inafanywa mji wa kisasa, na siku hizi watu wanaiita mji janja. Nimesikia mengi kuhusu barabara na mapato. Sijasikia mtu akiuliza wakazi wanalalaje.

Mimi ni wakala. Nina kibanda hapa Magomeni: miamala ya simu, LUKU (umeme wa kulipia kabla), ving'amuzi, malipo ya serikali. Natimiza miaka tisa kwenye kiti hiki. Mtu akija kwangu ameshika simu, mara nyingi ameshika na hofu pia, na kazi yangu kubwa imekuwa kuitambua hiyo hofu kabla sijabonyeza chochote.

Ile X ilipigwa Machi 2021. Walikuja vijana wanne wenye refleta. Wawili walisimamisha mashine ya miguu mitatu katikati ya barabara, wa tatu akaweka fimbo yenye mistari kwenye baraza letu, wa nne alikuwa na kopo la rangi. Mama aliwapa maji. Wakanywa, wakashukuru, wakapiga X, wakahamia nyumba ya jirani. Alipowauliza ni ya nini, walimjibu kwa adabu kabisa: "Sisi wapimaji tu, bibi. Watakuja wahusika kuwaelimisha."

Wahusika hawakuja.

Mtaani elimu ikatolewa na kila mtu. Mmoja alisema X nyekundu maana yake unabomolewa bila kitu, ya kijani ndiyo inayolipwa. Mwingine akasema hayo ni ya barabara kuu, huku mitaani rangi haina maana, walitumia waliyokuwa nayo. Fundi mmoja akatuambia tusikarabati chochote kwa sababu hakitahesabiwa. Jirani muuza ming'oko akasema tukarabati haraka ili thamani ipande. Mama alisikiliza wote, akiitikia "sawa" kwa kila mmoja, na usiku nikawa namsikia anageuka kitandani.

Naomba niseme alivyobadilika, kwa sababu kilikuja kidogo kidogo na mimi mwenyewe nilichelewa kukiona. Plasta ya chumba cha uani ilidondoka, hakuita fundi. Mchwa waliingia kwenye fremu ya mlango, akawa anaipiga kwa ngumi kila asubuhi kusikiliza imebaki kiasi gani, basi. Mjomba alileta mche wa mnazi kutoka shamba, mama akauweka nyuma ya nyumba ukiwa kwenye mfuko wake ule ule. "Mnazi huu mpaka uzae ni miaka sita," alisema. "Nitampandia nani?" Mche ulikaa pale mpaka majani yakawa ya kahawia, na siku ulipokufa hakuna aliyeutupa.

Na aliacha kukaa barazani. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Baraza letu lina urefu wa kitanda na nusu, sakafu ya saruji iliyong'aa kwa kukaliwa tangu 1994. Saa kumi na moja jioni akina mama watano sita hukusanyika, huyu anachambua kisamvu, yule anasuka ukili, mwingine amekuja na mjukuu mgongoni. Baada ya X, kila aliyefika alianza na salamu ile ile: "Shikamoo mama. Wamesemaje?" Mama hakuwa na la kusema. Akaanza kuchelewa kutoka, halafu akawa anatoka wengine wameshaondoka, mwisho akawa anakaa uani peke yake na redio.

Halafu 2022, kabla ya Sensa ya Agosti 23, likaja zoezi la anwani za makazi. Nguzo za majina ya mitaa zikasimama, nyumba zikapewa namba. Kijana mwingine, kishkwambi kingine, akasimama pale pale mlangoni, akagusa skrini, akatuambia sasa nyumba hii inajulikana mpaka Dodoma. Akatuwekea namba upande wa kulia wa mlango. Upande wa kushoto ipo X. Mama alisimama katikati ya viwili hivyo, akamtazama yule kijana na kumuuliza bila hasira:

"Sasa mimi nipo au sipo?"

Kijana alicheka kidogo kwa aibu, akasema hilo la X si la kwao.

Swali hilo nimekaa nalo miaka yote hii. Mji unatujua. Unajua namba ya nyumba, namba ya mita, namba ya kitambulisho, unajua tumenunua uniti ngapi na saa ngapi. Sisi hatujui mji umepanga nini juu yetu. Mtu aliyewahi kuishi na mwenye nyumba asiyesema neno, anayepita tu akiangalia kuta, anaelewa ninachosema. Hajakutukana, hajakupiga, hajapandisha kodi, lakini hulali.

Kuna utafiti niliusoma kwenye simu kibandani siku mtandao ukiwa mzuri. Mwaka 2016 watafiti wa University College London, Uingereza, waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta: unakisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo unapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi, inayouma kidogo. Wakawapima jasho na mboni za macho. Watu hawakuhangaika sana pale walipojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Walihangaika zaidi pale ilipokuwa nusu kwa nusu, huenda ipo, huenda haipo. Nilimsimulia mama. Alifikiri, akasema, "Nyoka ukimwona unajua pa kupita."

Kibandani kwangu naona mawe ya aina hiyo kila siku. Kuna mzee mmoja wa Chikongola anayekuja na karatasi aliyoikunja mara nne ndani ya kimfuko cha plastiki, ndani imeandikwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya kiwanja chake. Namba kumi na mbili. Hanipi karatasi, ananisomea mwenyewe, tarakimu moja moja, kidole kikifuata, na akifika ya saba huwa anarudi mwanzo. Nikishamaliza, ujumbe unaingia kwenye simu yake, namwonyesha. Haimtoshi. "Na wao wameona?" Namuuliza, wao nani babu? "Hao wa huko." Zamani alikuwa anakwenda dirishani, anamkuta karani aliyecheza mpira na mwanawe, analipa, anapigiwa mhuri, anarudi nyumbani. Sasa analipia kwangu bila foleni na bila nauli ya bodaboda, mambo mazuri hayo, lakini anaondoka hana uhakika kama kuna binadamu aliyejua kuwa amelipa. Nimezoea kumwandikia kwenye daftari la shule: tarehe, kiasi, sahihi yangu. Najua haina nguvu yoyote kisheria. Anaikunja, anaitia kwenye kimfuko, mabega yanashuka.

Na LUKU. Watu wa ofisini wenye mita zao peke yao sidhani kama wanajua LUKU inavyokaa kwenye nyumba ya vyumba sita na mita moja. Mita ikianza kulia usiku, kila chumba kinasikia, na kila chumba kinangoja kingine kitoke. Kuna ndoa nimeziona zikitetereka kwa ajili ya pasi na jokofu la jirani. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Kiasi chenyewe si kikubwa, na kukusanya namna hiyo ni rahisi kuliko kumtuma mtu mlango kwa mlango. Ila mpangaji anayenunua umeme wa 2,000 tarehe moja na kupata uniti za kuwasha balbu tu, yeye hana jengo. Dada mmoja alinunua kwangu wa 3,000, akahesabu uniti, akahesabu tena, akakaa kwenye benchi langu akalia. Nilidhani ni shida ya pesa, nikataka kumwongezea. Akakataa. Alisema, "Kila kitu kinanikata, hakuna anayeniambia." Nilifunga dirisha la kibanda, nikakaa naye.

Huku kwetu hatusemi sonona. Neno hilo nimelisikia redioni. Sisi tunasema fulani ana mawazo, au presha imempanda, au moyo hautulii. Mwanamume hasemi hata hivyo, anasema amechoka, halafu unamwona anaanza kunywa uraka, pombe ya mabibo, asubuhi msimu wake ukifika, na msimu ukiisha anatafuta kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Nikihesabu wateja wangu wa siku moja kwa kipimo hicho, naweza kuzitaja sura zao.

Sitaki mtu aelewe kwamba napinga taa. Nguzo ya taa ilisimamishwa mbele ya nyumba yetu, na kwa ajili yake nafunga kibanda saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili na nusu. Mama wa pweza na yule wa samaki wa kukaanga wanauza mpaka saa nne. Mabinti wanaotoka masomo ya ziada wanapita wakizungumza kwa sauti; miaka ya nyuma walipita wakikimbia. Hilo nalo ni afya ya akili, binti kutembea usiku bila roho kuwa juu, na aliyetuletea nampa asante yake kamili.

Lakini taa yenyewe ni nyeupe, kali, na iliwekwa ikitazama dirisha la mama. Mwili wa binadamu hutoa homoni ya usingizi, melatonini, giza linapoingia. Mwanga mwingi wa usiku huizuia, na ule mweupe wenye ubluu huizuia kuliko ule wa rangi ya moto. Mama hakuhitaji mtu amfundishe hilo. Aliniambia tangu taa ije, usiku hauingii chumbani kwake, unapita barabarani. Tumetundika kanga mbili dirishani, juu yake kitenge, na joto la Mtwara la Januari mnalijua. Achague mwanga au achague hewa. Kugeuza ile taa itazame chini ni kazi ya mtu mwenye ngazi kwa nusu saa. Sijui nimwambie nani, na nguzo ina namba yake safi kabisa imepigwa chapa.

Mji huu si mgeni wa ahadi, na nadhani ndiyo maana X moja inatosha kumwamshia mtu mengi. Mtwara yenyewe ilichorwa kwa ajili ya ahadi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, wakaja kujenga bandari yenye kina hapa, na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ulivunjwa 1951, bandari ikabaki, reli ikaondolewa miaka ya sitini. Mpaka leo tuna kata inaitwa Reli na hakuna treni. Babu yangu alifanya kazi kwenye ile reli, na mpaka anazeeka alikuwa akisimulia habari zake kama za ndugu aliyesafiri. Ikaja gesi, iliyogunduliwa Mnazi Bay 1982. Miaka ya 2010 kodi za vyumba Shangani zilipanda, watu wakakopa kujenga nyumba za kulala wageni. Januari na Mei 2013 mji ulichafuka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi hiyo Dar es Salaam. Sitaeleza niliyoyaona Mei ile, ila wapo watu mtaani kwetu ambao mpaka leo tairi likipasuka wanaingia ndani na kufunga mlango. Bomba lilikamilika 2015. Wenzetu wa Likong'o kule Lindi wamengoja kuliko sisi: ardhi yao ilitengwa kwa ajili ya mtambo wa kusindika gesi, fidia ikalipwa 2020, na mpaka naandika haya mtambo haujajengwa. Mtu wa Kusini ukimwambia "subiri wahusika", hasikii maneno mawili tu. Anasikia na ya babu yake.

Huwa najiuliza kama na kwingine ni hivi. Toronto, Kanada, mwaka 2017 kampuni ya Sidewalk Labs, iliyo ukoo mmoja na Google, ilikuja na mpango wa kujenga mtaa wa Quayside kandokando ya ziwa, wenye vifaa vya kuhisi kila kona, barabarani mpaka kwenye mapipa ya taka. Wakazi wakauliza: taarifa mtakazookota juu yetu zitakuwa za nani, na nani atazishika? Waliuliza kwenye mikutano, miaka miwili na zaidi. Mei 2020 kampuni ikaachana na mpango huo, yenyewe ikitaja hali ya uchumi. Mimi nilichokishika ni kwamba watu walikaa kwenye viti, wakauliza, na kuna aliyelazimika kusimama mbele yao kujibu. Sisi tulipewa namba na X kwa kugongewa mlango.

Mei 2024 ndiyo ilinionyesha ni kiasi gani tumeshaning'inizwa kwenye nyaya hizi. Kimbunga Hidaya kilipita Mei 4, mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakalala njiani. Jumapili ya wiki iliyofuata, Mei 12, intaneti ikayumba vibaya nchi nzima kwa sababu ya hitilafu ya nyaya zinazopita chini ya Bahari ya Hindi. Kaka yangu yuko Dar. Barabara haiaminiki, WhatsApp inazunguka tu. Nilikuta mikono yangu inatetemeka nikihesabu noti, na wateja walikuja kibandani si kununua kitu, walikuja kusimama karibu na mtu anayedhaniwa anajua. Jioni ile mabaraza yote ya mtaa yalijaa. Watu waliulizana habari kwa mdomo: nani amepiga simu ya kawaida ikaita, nani ana ndugu kwenye basi. Na mama alitoka. Alikaa barazani kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyemuuliza habari ya X. Alikaa mpaka saa mbili. Nilimwangalia na kuelewa kwamba ugonjwa wake haukuwa uzee.

Februari mwaka huu alianguka bafuni. Hakuvunjika. Tulikwenda hospitali, presha ilikuwa juu, na nilijua watatuambia chumvi. Nesi aliyetupokea, mwanamke wa makamo, alimfunga kile kitambaa mkononi, akasoma, akakifungua, kisha badala ya kuandika akaweka kalamu chini.

"Mama, unalala?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Mimi binti yake niliyekuwa namsikia akigeuka sikuwahi kumuuliza. Mama alianza kusema, na alisema yote, mche wa mnazi, mchwa, taa, watu wa barazani, vijana aliowapa maji. Nesi hakumkatisha. Alimwandikia dawa ya presha, akamwelekeza kliniki ya afya ya akili siku ya pili, na akanigeukia mimi. Akaniambia dawa nitampa, lakini huyu anahitaji jibu, na wewe ndiye mwenye miguu.

Basi nikatembea. Nilikwenda ofisi ya kwanza, nikaambiwa ni ya pili. Ya pili wakaniambia niandike barua. Nikarudi kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaiandika pamoja, akagonga mhuri. Nilipeleka nakala tatu. Nikarudi baada ya wiki mbili, nikarudi baada ya mwezi. Sikugombana na mtu yeyote. Nilikuwa nafunga kibanda, nakaa kwenye benchi la kule, na nikiulizwa shida yangu nasema: mama yangu anataka kujua kama nyumba yake ipo.

Wiki tatu zilizopita alikuja kijana mmoja kwa pikipiki, peke yake, na kishkwambi ndani ya begi. Alimwamkia mama, akavua viatu, akakaa barazani chini pamoja naye. Akafungua picha iliyopigwa kutoka juu. Mama alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Aliona bati lake. Aliona turubai la bluu tulilofunika jiko la uani, na kivuli cha mwarobaini, na doa dogo jeupe ambalo baadaye tulilitambua kuwa ni ndoo ya chokaa.

"Kumbe mnaniona hivi," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Siku zote?"

Kijana akamweleza kwa utulivu kwamba ni picha ya siku moja, si ya kila siku, nani aliipiga na kwa nini. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mwekundu uliokatiza picha. Mstari ule haugusi nyumba. Unapita kwenye baraza, unachukua mita moja na nusu. X ilitakiwa ipigwe kwenye nguzo ya baraza, wao waliipiga ukutani kwa kuwa nguzo ilikuwa na nguo zimeanikwa. Tathmini itafanyika, atakuja yeye au mwenzake, na baraza litalipwa. Nyumba inabaki.

Mazungumzo yote yalichukua kama dakika kumi na tano. Yalikuwa yanangojwa tangu Machi 2021.

Mama hakulia, wala hakushangilia. Alikwenda ndani, akaleta daftari langu la kibandani, akamwomba kijana aandike alichokisema, aweke tarehe na jina lake. Kijana akaandika ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri. Ukurasa huo sasa uko kwenye sanduku pamoja na karatasi za kiwanja na cheti cha kifo cha baba. Nimefikiria yule mzee wa Chikongola na kimfuko chake, na nimeacha kuona kwamba ni ushamba.

Usiku ule nilimsikia mama anakoroma. Asubuhi alimpigia simu mjomba, wakasalimiana kwa kirefu, kisha akamwambia, "Lete miche miwili, kaka. Ule mmoja niliuua kwa ujinga wangu." Mjomba alimkatalia hilo neno ujinga, na nilifurahi alivyomkatalia.

Presha yake bado tunaifuatilia. Kliniki anakwenda, na usiku mwingine bado anaamka saa nane, anakwenda mlangoni kugusa fremu. Fundi ameshakuja kuibadilisha. Wale akina mama wamerudi barazani, na wameanza kulihesabu: huyu anapokaa patabaki, yule anapokaa pataondoka. Jana bibi anayesuka ukili alikalia ukingo wa nje kabisa, pale mstari unapopita, akasema atakaa hapo hapo mpaka siku yenyewe.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Nimeandika swali langu: mita moja na nusu ikishachukuliwa kwenye kila nyumba ya upande huu, na mabaraza kumi na mawili yakaondoka, kwenye mchoro wenu mmeweka wapi pa kukaa watu saa kumi na moja jioni? Nilimsomea mama nione kama nimeliweka vizuri. Akaniambia ni zuri, ila niongeze na la pili, nianze nalo kwa sababu ni jepesi: taa ya mbele ya nyumba yetu, namba yake ameikariri, igeuzwe itazame chini.